Kijiji Kiitwacho Kiti

Watu wananiuliza kwa nini sikumrudisha mamangu Pemba. Wananiuliza kwa upole, msikitini, kwenye simu, hata kwenye foleni ya duka la nyama, na mimi nawajibu kwa upole vilevile kwamba mwenyewe alitaka azikwe hapahapa London. Wengine hukubali. Wengine hunitazama kama mtu aliyekwepa usumbufu wa ndege na makaratasi. Sigombani nao. Nilimuuliza mamangu kabla hajazidiwa, tena kwa maneno makavu ambayo watoto wengi huona haya kuyatamka mbele ya mzazi: Mama, ukifa tukuzike wapi? Hakukasirika. Alivuta shuka yake, akasema, "Hapahapa, mnapofika kwa basi moja. Pemba nani atanijia, mbuzi?" Basi nikajua, na siku ilipofika sikuyumba hata kidogo.

Sikuzaliwa na ujasiri wa kuuliza namna ile. Niliupata nikiwa na miaka tisa, na aliyenifundisha ni Mgiriki. Juma lililopita, arubaini ya mama ilipokwisha, niliteremsha mrashi wake kutoka juu ya kabati ili niusugue kwa limau na chumvi. Ni ule mrashi wa fedha wenye shingo ndefu, wa kunyunyizia wageni marashi ya waridi. Ndani yalikuwa yamebaki matone machache. Nilipoutikisa na harufu ikanijia, nilingoja kilio cha kumlilia mama kinipande. Hakikuja. Aliyenijia ni Bi Andrula, jirani yetu wa ukutani, amesimama mlangoni kwetu na nguo zake nyeusi, anacheka mpaka anajishika kiuno. Namwomba mamangu radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi siwezi kuandika visivyo. Shule niliiacha mapema. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao, na kitu kirefu nilichozoea kuandika ni ripoti ya nani amekula na nani amekataa. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili kama ripoti, moja baada ya jingine.

Tulikaa Tottenham, kwenye majumba ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, ghorofa ya tatu. Milango yote ilipangana kwenye baraza moja ndefu iliyo wazi kwa upepo, na lifti ilikuwa mbovu siku nyingi kuliko ilivyokuwa nzima. Kuta zilikuwa nyembamba. Mamangu alikuwa mshonaji tangu kwao Wete, na majuma mawili kabla hatujamwona jirani yetu uso kwa uso alikwishamjua kwa sauti ya cherehani yake. Alikuwa akiosha vyombo, akasimama, akategea sikio ukutani, akasema huyo anayeshona huko si mwanafunzi. Siku moja mlio ukabadilika, ukawa unagonga na kusita. Mama akasema sindano ya yule mwanamke imepinda naye hajui, au anajua na hana nyingine. Akachukua sindano kwenye kopo lake, akanishika mkono, tukaenda kugonga mlango.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mama alikuwa na Kiingereza cha maneno matano sita, na Bi Andrula alikuwa na cha kutosha kugombana na dereva aliyemletea mizigo ya kola za mashati kutoka kiwandani. Hapo katikati nilisimama mimi, mtoto wa darasa la nne, nikijiona nimebeba dunia. Napenda kusema ukweli hapa, maana ndipo kosa lilipoanzia: nilikuwa mkalimani mwepesi mno. Sikuwahi kusema sijui. Neno nisilolijua nilililinganisha na ninalolijua, nikalipitisha haraka, na watu wazima wakaendelea na mazungumzo yao.

Bi Andrula alikuwa mfupi, mpana, mwenye masharubu mepesi ambayo hakuyaonea haya. Alivaa nyeusi kuanzia kichwani hadi viatuni kwa sababu mumewe alikuwa amefariki, na mimi, nikiona buibui la mama na kitambaa cheusi cha jirani, nilidhani yule naye ni Muislamu, ila wa kabila jingine. Aliniita "kori", yaani binti kwa lugha yao. Mama alimwita Bi Andrula tangu siku ya kwanza, naye alimwita mama kwa jina lake tupu, Mize, kama mtu anayemwita dada yake.

Aliporudisha shukrani kwa kututembelea, alikuja na sahani ya biskuti zilizonyunyizwa sukari ya unga. Mama akavuta kiti cha jikoni, akakifuta kwa pindo la kanga ingawa kilikuwa safi, akasema kama anavyosema Mpemba yeyote kwa mgeni wake: "Karibu kiti."

Bi Andrula hakukaa. Alisimama na sahani yake, akaniuliza mamako amesema nini. Nikamweleza kwamba karibu ni neno la kumpokea mgeni. Kabla sijafika kwenye neno la pili aliweka sahani mezani, akashika kifua, akauliza nani amemwambia mamangu mahali alipozaliwa. Tulichukua muda mrefu kuelewana. Kumbe kijiji chao, kule kisiwani Saiprasi, kinaitwa Kiti. Kinatamkwa hivyohivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mwanamke asiyemjua, kutoka pande za dunia asizozijua, amevuta kiti na kumwambia karibu nyumbani kwenu. Nilipomfahamisha kwamba kwetu ni kitu cha kukalia tu, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajipangusa kwa kitambaa chake cheusi, akaketi. Tangu siku hiyo mama hakusema neno lile kwa mazoea tena. Alilisema kwa makusudi, akiinamisha kichwa kidogo kama anafungua geti, na Bi Andrula alikuwa akikaa polepole, kama mtu anayeshuka kwenye basi la mwisho la safari.

Baada ya hapo walishona pamoja mchana, mama akipindua kola na Bi Andrula akizipiga mshono, na mimi nikitoka shule nilikaa chini ya meza kati ya vipande vya vitambaa. Hapo ndipo nilipozisikia hadithi za kile kijiji. Alizisimulia huku akichemsha kahawa kwenye chombo kidogo cha shaba chenye mkono mrefu, na chombo chenyewe alikiita briki. Sisi tulikuwa na birika. Sabuni aliiita sapuni. Limau lilikuwa limoni. Na kabatini kwake, juu ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na mrashi kama wetu, fedha vilevile, shingo vilevile, isipokuwa wao walitia maji ya maua ya machungwa, na jina lake lilikuwa mereha. Mama na Bi Andrula walipoiweka miwili ile mezani kwa mara ya kwanza walinyamaza wote wawili, kila mmoja akiugeuza wa mwenzake. Mimi sikunyamaza kichwani. Nilifikia uamuzi kwamba Kigiriki ni Kiswahili kilichosemwa na watu wenye mafua. Mtu akikisikiliza kwa makini, nilijiambia, atakielewa chote.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya Nabii Nuhu. Gharika ilipokwisha, wanawe walitawanyika, na wana wa wanawe wakatawanyika zaidi, mpaka mmoja aliyeitwa Kitimu akafika kwenye kisiwa kile, akaona ziwa la chumvi jeupe na nchi tambarare, akapapenda, akapaachia jina lake. Mji wa kale ukawa Kitio, na kijiji kikawa Kiti. Nilipomfasiria mama kwamba Kitimu alikuwa mjukuu wa mtoto wa Nuhu, mama alinikosoa bila kuinua macho kwenye kola. Mjukuu wa mtoto wako, alisema, ni kitukuu chako, na hata neno lenyewe, mwambie, limeanza karibu kama Kiti. Bi Andrula akataka afundishwe kulitamka, na kwa siku kadhaa alijiita kitukuu cha Nuhu. Mimi niliamini. Nilikwenda chuoni Jumamosi, nikamuuliza mwalimu wetu wa Kurani kama ni halali kula biskuti za jamaa ya Nabii Nuhu anayekaa ghorofa ya tatu. Mwalimu akaniambia niendelee kusoma nilipoishia.

Ya pili ilikuwa ya kukimbia. Watu wa mji wa kale, ule wa pwani, walivamiwa na watu wa merikebu, wakashindwa kuulinda, wakaelekea bara na kuku zao, na picha zao za watakatifu, na jina. Mji ukabaki bila jina, na jina likabaki bila mji, mpaka walipochoka kutembea wakaliweka chini pale lilipo sasa. Bi Andrula alisema baba yake akilima alikuwa akiibua vigae vya watu wa zamani, akivitupa kando ya shamba kama mawe. Kisha akafika mahali pa kusema waliovamia walikuwa nani, akasita. Walikuwa Waarabu. Akamtazama mama na ushungi wake, akaniambia nimwambie Mize kwamba hamsemi yeye.

"Mwambie asijali," mama akasema. "Sisi Wapemba hatuwezi kufika huko. Tunatapika kabla ya Tanga."

Ya tatu aliisimulia kwa sauti ya chini. Waliokimbia walitaka kujenga kanisa. Wakachimba msingi, wakanyoosha kamba, wakaenda kulala. Asubuhi kamba na mawe viko mahali pengine. Wakavirudisha, vikahama tena, hadi wakaacha, na kanisa likajengwa na malaika wenyewe. Bibi yake alishikilia kwamba malaika walipomaliza kazi walisikika wakikitaja kijiji kwa jina, ndiyo maana hakuna mtawala aliyewahi kuthubutu kukibadili. Nilimuuliza ipi kati ya hadithi hizo ndiyo ya kweli. Alisema zote. Jina lenye hadithi moja, alisema, ni la majumba ya kaunsili.

Mama alikaa na hadithi hizo siku tatu. Kisha, akiwa na sindano mdomoni, akatoa ya kwake. Alisema mimi naona hivi: wale waliokimbia walipofika pale kijijini walikuta bibi mmoja ana nyumba yake na hana la kuwapa. Hana mkate, hana nyama, maji yenyewe ya shida. Akavuta kiti. Akawaambia karibuni. Na mtu aliyepoteza mji, ukimpa pa kukaa, ndipo mji wake unapoanzia. Nilimfasiria Bi Andrula neno kwa neno. Hakucheka safari hii. Alisimamisha mashine, akasema hiyo ni ya nne, na ataipeleka kwa dada yake.

Dada yake alibaki kule Kiti. Alipiga simu kila Jumapili, na Bi Andrula alizungumza naye akiwa amesimama wima, kama anayesikiliza wimbo wa taifa. Saa chache baadaye angekuja Takis, mwanawe wa pekee, fundi wa mabomba, mtu mzima mwenye mikono mikubwa na maneno machache, amchukue kwa gari kwenda kwenye kaburi la baba yake, kwenye makaburi ya upande wa kaskazini wa jiji. Pembeni ya kaburi lile paliachwa nafasi. Bi Andrula alilijua jambo hilo, Takis alilijua, hata mimi nililijua, maana aliwahi kumwambia mama, nami nikafasiri, kwamba mumewe alimnunulia kitanda hata kwa wafu bila kumuuliza anapenda kulala upande gani. Walicheka. Hakuna aliyeuliza zaidi. Hilo ndilo ninalorudi kulifikiria: tulikuwa wanne tuliompenda, na hakuna aliyeuliza.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, nimetoka shule. Mama alinituma nipeleke furushi la kola zilizokwisha. Mlango wa Bi Andrula haukufungwa na cherehani ilikuwa kimya. Nilimkuta jikoni, chini, ameegemea kabati, miguu mbele kama mtoto anayecheza. Nusu ya uso wake ilikuwa imeteremka. Kahawa ilikuwa imemwagika juu ya jiko, ikaungua, na harufu yake ilijaa chumba kizima.

Alinitazama. Akasema, "Kiti."

Nikavuta kiti cha mezani, nikakileta karibu yake. Sikuwa na nguvu za kumnyanyua, lakini nilidhani akikiona atajinyanyua. Alikitazama. Akanitazama tena mimi. "Kiti." Nikafikiri labda hicho hakitaki, kina mguu unaocheza. Nikaleta cha pili. Akasema neno lilelile, kwa shida zaidi, kana kwamba analisukuma juu ya ngazi. Nikaleta cha tatu. Akalisema tena, nikaleta cha nne, na hapo jikoni hapakuwa na viti vingine. Alikuwa amekaa chini katikati ya viti vinne kama mtu aliyekuja kwenye mkutano watu wote wameondoka. Jicho lake moja lilitoka chozi. Aliinua mkono uliokuwa ukifanya kazi, akausukuma mguu wa kiti kilichokuwa karibu, kidogo tu, kikasogea. Jambo hilo la mkono sikumwambia mtu yeyote siku hiyo.

Kisha nikapiga ukuta kwa ngumi zote mbili, na mama akaja.

Waliokuja na gari la wagonjwa walilazimika kuviondoa viti ili wapate kupita. Mmoja wao aliniuliza kama bibi amesema lolote, nikamjibu kwa Kiingereza kizuri, bila kusita, kwamba ameomba chair. Na kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, walimtelemsha ngazi kwa kiti chao chenye mikanda. Niliona hivyo nikaridhika. Nilijiona nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Aliishi siku tatu hospitalini na hakusema tena. Sasa, kwa kazi yangu, nimewaona wengi wa namna yake. Kiharusi huwapokonya maneno yote na kuwaachia moja, na hilo moja halikuchaguliwa ovyo. Wakati ule sikujua. Takis aliambiwa na daktari kwamba zile dakika nilizopoteza nikihamisha viti zisingebadilisha kitu. Nimeamua kumwamini daktari.

Alipofariki, simu za kutoka Saiprasi ziliongezeka. Dada mtu alitaka maiti ipelekwe Kiti. Takis alisema mama yake hakuwahi kusema hivyo hata siku moja, na baba yake anamngoja hapa na nafasi ipo. Tulijua haya kwa sababu alikuwa akizungumza kwenye baraza, akizunguka, nusu Kigiriki nusu Kiingereza. Mara moja alisimama mbele yangu, akachuchumaa, akaniuliza: mimi ndiye niliyekuwa naye mwisho, je, alisema neno? Nikamwambia alitaka chair. Aliinamisha kichwa, akanishukuru. Jioni ile tulisikia amekwishapanga na padri na watu wa mazishi. Ilikuwa Jumatatu, mazishi yangekuwa Alhamisi, kwenye makaburi ya kaskazini, ubavuni mwa baba.

Jumanne mama alikuwa akimenya viazi vya kupeleka msibani. Aliniambia nimsimulie tena ile siku, yote, kwa sababu kila mtu nilimsimulia kwa Kiingereza na yeye alipata vipande tu. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye neno, kisu chake kikasimama.

"Alisema kiti," nikarudia.

"Kwa lugha gani?"

Nikamwambia kiti ni kiti.

"Na wewe Takis ulimwambia nini?"

"Nilimwambia chair."

"Hukumwambia Kiti?"

"Takis hajui Kiswahili, mama."

Mama alikaa chini polepole. Hakunipiga, hakunigombeza. Nilimwona tu rangi ya uso inambadilika, na hapo, kabla hajasema kitu, likanifungukia lote kwa pamoja: ziwa la chumvi, watu na kuku zao, kamba zinazohama, na mkono wa Bi Andrula ukikisukuma kile kiti kisichokuwa chenyewe. Nililifasiri jina. Nilichukua kijiji kizima nikakigeuza fanicha. Nikamwambia mama habari ya mkono. Akaniambia nivae viatu.

Takis alikuwa peke yake kwenye nyumba ya mama yake, amekaa kwenye mojawapo ya vile viti, mbele yake karatasi za mazishi. Nilitaka mama aseme na mimi nifasiri, kama ilivyokuwa siku zote. Alikataa. Alisimama nyuma yangu akaniwekea mkono kichwani.

"Sema wewe. Usipunguze, usiongeze."

Nikasema. Nilisema viti vilikuwa vinne. Nilisema alilitaja neno mara nne, mara moja kwa kila kiti, na kila mara nilimletea kingine. Nilisema alikisukuma cha mwisho. Nilisema neno lenyewe halikuwa la Kiingereza, ni mimi niliyelitia Kiingereza, na kwamba nilidhani namsaidia. Nilitarajia kofi, maana mikono yake ilikuwa mikubwa mno.

Takis aliinuka kwenye kiti kama kimemchoma. Alikwenda dirishani. Alipozungumza alizungumza kwa haki, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo. Alisema mama yake alilijua lile neno letu. Alimsimulia mara nyingi ule mzaha wa Mize. Alikuwa ameanguka, amekaa sakafuni kwenye baridi, mbele yake mtoto wa Kiswahili. Huenda alitaka kiti kweli. Nani anajua? Kijijini kwake walikuwa na neno lao la kiti cha kukalia, lakini kwangu mimi angetumia la kwetu.

Mama aliuliza anasemaje. Nikamfasiria. Alifikiri kidogo, kisha akasema sentensi ambayo nimeibeba kwenye kila nyumba ya mgonjwa niliyoingia.

"Mwambie hivi. Mtu anayetaka kiti, ukimpa kiti, hunyamaza. Yeye alipewa vinne."

Nilifasiri. Safari hii nilikwenda polepole, nikichagua, na neno la kwanza la kiti nikalitia Kiingereza na la pili pia, kwa sababu hapo yalikuwa viti kweli.

Takis alirudi mezani, akaishika karatasi moja ya mazishi. Halafu akasema baba yake atabaki peke yake. Hakumwambia yeyote, aliiambia ile karatasi. Nilimfasiria mama hata hilo, na mama akasema nimjulishe kwamba sisi hatukuja kumwambia amzike wapi mama yake. Hayo ni yake na Mungu wake. Tumekuja kurudisha maneno ya mwenyewe, kwa sababu yalikuwa kwetu na hayakuwa yetu.

Nilisikia redio ya nyumba ya tatu, na mtu akishuka ngazi na baiskeli ya mtoto. Hatimaye Takis akachuchumaa mbele yangu kama alivyofanya kwenye baraza. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniomba nilitamke lile neno kama alivyolitamka mama yake, si kama tunavyolitamka sisi. Nilifumba macho nikamsikiliza Bi Andrula kichwani mwangu, ulimi wake mzito, nusu ya mdomo imelala. Nikalitamka.

Akanyanyua simu. Alibonyeza namba nyingi, za Saiprasi, akangoja. Mwanamke alipopokea upande wa pili, Takis hakutoa salamu wala hakujieleza. Alisema neno hilo moja. Yule mwanamke akaanza kulia, tukamsikia mpaka pale tuliposimama, na mamangu, ambaye siku zote alinigusa bega aambiwe watu wanasema nini, hakunigusa.